Sehemu ya Kuchekesha

Dada yangu alipokuwa na miaka tisa alimuuliza baba swali moja mezani, na swali hilo limemfuata mpaka leo, mvi zikiwa zimeshamtoka mbele ya kichwa.

Baba alikuwa fundi saa. Kutwa aliinamia vitu vidogo visivyojibu, kwa hiyo akirudi nyumbani alikuwa na maneno mengi. Chakula kikishapakuliwa alikuwa na kawaida ya kutupa kichekesho, na vingi vilihusu wanawake: mke aliyeunguza wali mpaka majirani wakakimbilia ndoo, mama mkwe aliyekuja kukaa siku mbili na sasa anaingia mwaka wa tatu, binti aliyependa kioo kuliko mchumba. Mama alicheka kila mara, mkono wa kulia ukiwa mbele ya mdomo. Mimi nilicheka kwa sababu mama alicheka. Jioni hiyo dada aliweka kijiko chini, akamtazama baba kwa heshima zote, akasema, "Baba, sehemu ya kuchekesha ni ipi?"

Hakuwa anamfanyia jeuri. Alitaka kujua, kama vile alivyotaka kujua kwa nini mshale wa sekunde ni mwembamba kuliko wenzake. Baba alijaribu kueleza. Alianza upya mara mbili, akakwama palepale, akaishia kusema kwamba mtoto huyu amezaliwa na moyo wa karani wa mahakama. Mama aliinuka kwenda kuongeza maji kwenye jagi ambalo lilikuwa limejaa.

Lakini mchekeshaji wa nyumba ile alikuwa mama. Kazi hiyo aliifanyia jikoni, tukiosha vyombo, akiwa ameupa mlango mgongo. Alimwiga baba akitafuta miwani aliyoivaa. Alimwiga mwenye duka akipima sukari huku anaomba dua mizani isimsaliti. Siku moja alijiiga yeye mwenyewe akicheka mezani, mkono mdomoni, macho yakiangalia saa ya ukutani, na dada alicheka mpaka akakaa sakafuni kwenye maji. Baba aliita kutoka sebuleni akiuliza kuna nini. Mama alijibu, "Hakuna kitu, ni watoto tu." Jibu hilo nimelifikiria mara nyingi kuliko vichekesho vyote vya baba.

Nayataja haya mapema kwa sababu miaka thelathini na zaidi baadaye, dada yangu alikaribia kunyimwa cheo alichostahili, na sababu iliyotolewa ni kwamba hajui utani.

Anafanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji, ghorofa mbili nyuma ya barabara ya maghala. Chini kuna mashine, marobota ya karatasi na harufu ya wino inayokaa kwenye nguo hata baada ya kufuliwa. Juu kuna wasanifu wa kurasa, watu wanne na kompyuta zao, na upande wa pili wa kioo kuna chumba cha usahihishaji, chenye meza mbili. Moja ni ya mzee aliyeanza kazi enzi za herufi za risasi zilizopangwa kwa mkono. Nyingine ni ya dada. Ana rula ya chuma, kalamu nyekundu sita zilizopangwa kwenye kopo la maziwa, na mtindo wake wa kusoma ukurasa kuanzia mstari wa chini kwenda juu, ili maana isimbembeleze akalipita kosa. Amesahihisha vitabu vya shule, kalenda, ripoti za vyama, kadi za harusi za watu ambao leo watoto wao wako sekondari. Hajawahi kuruhusu jina la marehemu likosewe kwenye tangazo la mazishi. Hilo ndilo analojivunia, ingawa hulisema mara chache.

Pale kiwandani kuna desturi ambayo sijaisikia kwingine. Msanifu akipanga ukurasa kabla mteja hajaleta maneno yake, anahitaji maneno yoyote ya kujazia nafasi, aone herufi zinakaaje. Wengine popote duniani hujazia maneno yasiyo na maana. Wasanifu wa pale hujazia vichekesho. Prufu, yaani nakala ya majaribio ya ukurasa, ikifika kwa msahihishaji, yeye huvipiga mstari, na maneno halisi yakija huwekwa mahali pake. Ilianza kama burudani, na nadhani zamani ilikuwa burudani kweli. Lakini kwa miaka mingi vichekesho vyenyewe vilikuwa vya aina moja. Mke mwenye domo. Mama mkwe. Mwanamke nyuma ya usukani. Dada wa mapokezi na mwili wake, na huyo dada wa mapokezi anakaa hatua nane kutoka hapo, husikia kila kitu.

Dada alivipiga mstari vyote bila kutabasamu, na kwa hiyo wakampa jina la Bi Futa. Mtu akimsomea kimoja kwa sauti, alimuuliza lile swali lake la utotoni, kwa upole uleule, na kusubiri jibu. Hakuna kitu kinachoua kichekesho kama mtu anayesubiri jibu. Walimwita mwanaharakati wa haki za wanawake. Alikubali, akasema ndiyo, na kadi ya uanachama analipia kila mwaka. Walisema wanaharakati wote wako hivyo, ukiwatania tu wanakimbilia katiba.

Aliyesema sana alikuwa msanifu mkuu, bwana mmoja mnene mwenye sauti nzuri, ambaye wote walimwita Komedi. Si mtu mbaya. Ni mtu aliyegundua mapema maishani kwamba akichekesha hakuna anayemuuliza jambo jingine, na akakaa hapohapo.

Mzee wa usahihishaji alipotangaza kwamba anastaafu, meneja aliamua kuiweka ghorofa yote ya juu chini ya mkuu mmoja, wasanifu na wasahihishaji pamoja. Majina yalikuwa mawili, la dada na la Komedi. Dada aliitwa ofisini. Meneja ni mtu wa haki kwa kadiri anavyojua, na alimwambia wazi kwamba kwa upande wa kazi hana mpinzani. Kisha akazungushazungusha kalamu.

"Tatizo ni kwamba watu wanasema wewe hutaniki," alisema. "Na mtu asiyetanika, watu wanaogopa kukaa chini yake."

Dada alimuuliza watu hao ni akina nani. Meneja akasema ni watu, kwa jumla. Dada akauliza hiyo jumla inakaa chumba kipi, ili akaisalimie. Meneja hakucheka, kwa sababu hakutegemea kuchekeshwa na yeye. Alimwambia ana mwezi mmoja na nusu wa kuonyesha kwamba anaweza kuishi na wenzake.

Jumapili hiyo alitueleza nyumbani kwa mama, baba akiwa ameshafariki. Alikuwa amejaribu kucheka. Aliniambia kwamba Ijumaa, wakati wa chai, Komedi alitoa kile cha mwanamke na gia ya kurudi nyuma, na yeye akainua mkono wake wa kulia, akauweka mbele ya mdomo, na kabla sauti haijatoka akajiona. Akaushusha mkono, akaomba sukari.

Mama alikuwa anachambua mchele kwenye sinia. Hakuinua kichwa. "Mimi nilicheka vile miaka thelathini na mmoja," alisema. "Kazi ngumu, na haina pensheni."

Tulicheka sote watatu.

Jumatatu dada alibadilisha kitu kimoja tu. Kabla ya kupiga mstari kichekesho, alikisahihisha. Alikichukua kama kazi nyingine yoyote iliyoletwa mezani kwake. Cha kwanza kilikuwa cha dada wa mapokezi aliyepanda kwenye mizani, mizani ikaomba likizo. Pembeni, kwa mwandiko wake mdogo uliosimama wima, aliandika: "Mizani hii inaomba likizo tangu nikiwa darasa la pili. Ipumzishwe. Mhusika yuko nyuma ya ukuta, anasikia, na jana ndiye aliyekutafutia funguo zako." Kisha akapiga mstari, akatia herufi mbili za jina lake chini ya ukurasa kama kawaida.

Komedi aliyasoma maneno hayo ya pembeni kwa sauti ili wenzake wamcheke Bi Futa. Walicheka, lakini kicheko kilielekea upande mwingine. Dada wa mapokezi alikohoa nyuma ya ukuta kikohozi ambacho hakikuwa cha ugonjwa.

Kesho yake Komedi akaleta kingine, kigumu zaidi. Dada akakirudisha: "Mwisho unaonekana tangu mstari wa kwanza, kama basi kwenye barabara iliyonyooka." Cha mama mkwe akakifupisha kwa nusu na kumwambia sasa angalau kinapumua. Kufikia wiki ya tatu wasanifu walikuwa wanasubiri prufu zirudi, na wa kwanza kuzifungua alikuwa Komedi mwenyewe. Kuna siku alisimama kwenye mlango wa kioo, karatasi mkononi, akauliza bila mzaha kwa nini neno fulani liende mwisho wa sentensi na si katikati. Dada alimweleza. Alimwambia kichekesho ni mlango, na yeye ana tabia ya kuufungua halafu anasimama katikati yake. Mzee wa usahihishaji alisikia yote hayo akiwa ameinama, na alimwonya dada mara moja tu. Alimwambia, "Binti yangu, kumbuka kanuni."

Kanuni ilikuwa ya kwake mzee, na ghorofa yote iliishi kwayo. Kilichopigwa mstari kinatoka, na nafasi yake inasubiri maneno halisi. Kilichosahihishwa kimekubaliwa, kinaingia kama kilivyosahihishwa. Ukurasa wenye herufi mbili za msahihishaji umefungwa, na haufungui mtu isipokuwa aliyetia herufi. Hakuna maswali, kwa sababu zamani maswali yalizaa makosa zaidi kuliko kalamu.

Kisha ikaja shajara ya chama cha wauguzi, nakala elfu mbili za kuwekwa mezani kwenye zahanati na wodi. Kila mwezi ulikuwa na kisanduku chini ya ukurasa chenye kichwa "Ushauri wa Afya wa Mwezi". Ushauri wa Aprili ulikuwa haujaletwa. Katibu wa chama, mama mmoja mkavu aliyefanya kazi wodini miaka ishirini, aliahidi kuuleta Ijumaa. Komedi akajazia hivi: mume anamwambia daktari kwamba mke wake ameongea siku tatu bila kunyamaza, daktari anampa pamba, mume anauliza ampe mke ale, daktari anasema hapana, tia masikioni mwako.

Dada alikisoma Alhamisi mchana. Baadaye aliniambia kwamba alijua papo hapo kosa liko wapi. Mume ameleta habari, na daktari hajauliza swali ambalo daktari yeyote angeuliza. Akafuta pamba yote. Akaandika:

"Daktari, mke wangu ameongea siku tatu bila kunyamaza."
"Anasema nini?"
"Hilo sijamuuliza."

Alikitazama. Kilikuwa kimekaa. Alisema alihisi furaha ambayo hakuwa ameihisi kazini kwa muda mrefu, furaha ya kitu kidogo kilichoingia mahali pake na kutoa mlio, na nadhani hapo alikuwa binti wa fundi saa kuliko alivyokuwa mwanaharakati. Kwa furaha hiyo akatia herufi zake mbili chini ya ukurasa, akachukua Mei.

Mstari hakupiga.

Mtu wa nje angesema Komedi alikuwa mjinga. Angeona kichekesho kwenye kisanduku cha ushauri wa afya, angeuliza. Lakini Komedi alikuwa na ukurasa uliosahihishwa na kufungwa, na katika miaka kumi na saba Bi Futa hakuwahi kuacha kitu kwa bahati mbaya. Akakiingiza kama kilivyosahihishwa, neno kwa neno, hata nukta. Ijumaa adhuhuri ushauri wa kweli ulipofika, aliona Aprili imeshafungwa, akauweka kwenye faili.

Siku kumi baadaye, saa nne asubuhi, fundi wa mashine kubwa alipanda ngazi. Huyu ni mtu ambaye watu wa chini walikuwa wanaweka dau kama ana meno au hana, maana hakuna aliyewahi kuyaona. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya dada, amejifuta mikono kwa heshima, na alikuwa anatabasamu.

"Bi Futa," alisema, "leo umenivunja mbavu. Nimeisoma mara mbili, mashine inaunguruma na mimi nacheka peke yangu."

"Ipi hiyo?"

"Ya Aprili."

Dada alimuuliza, taratibu, Aprili ya wapi. Fundi akatoa shajara mfukoni, imejalidiwa, imekatwa kingo, safi. Akamfungulia ukurasa.

Nimemwomba mara kadhaa aniambie alihisi nini, na kila mara hujibu kwamba aliangalia kwanza kama herufi zimekaa sawa. Zilikuwa zimekaa sawa. Maboksi yote yalikuwa yametoka saa mbili asubuhi, yameshafika kwa wauguzi.

Alimshukuru fundi. Kisha akainua simu kabla hajakwenda kwa meneja, akampigia katibu wa chama, akajitaja, akamwambia afungue Aprili. Alisubiri. Katibu akasema anakuja.

Alikuja kabla ya saa sita. Walikaa ofisini kwa meneja watu watano: meneja, katibu, mzee wa usahihishaji, Komedi na dada. Katibu hakupiga kelele. Alisema ushauri wa Aprili ulikuwa wa kupima shinikizo la damu hata kama mtu hajisikii mgonjwa, na kwamba wameuchagua kwa sababu mwaka uliopita walipoteza wauguzi wenzao wawili waliokuwa wanapima wengine kila siku na kujisahau. Wanachama wote wanasubiri ukurasa ule. Mahali pake kuna mume na daktari.

Hapo Komedi, jasho likimtoka, akafanya kile alichokifanya maisha yake yote. Alitabasamu, akafungua mikono. "Mama, tunaomba radhi," alisema. "Kwa kweli ilikuwa utani tu."

Meneja alishika neno hilo kama mtu aliyetupiwa kamba. Akasema ndiyo, vijana wa juu hutaniana, bahati mbaya utani umeteleza. Yote yangeishia hapo, lawama imegawanywa mpaka haina mwenyewe. Cheo kingekuwa bado kipo mezani, na dada alilijua hilo kuliko mtu yeyote aliyekuwa ndani. Alichotakiwa kufanya ni kutabasamu na wenzake, mara moja tu, aonekane mtu wa utani.

"Haikuwa utani tu," alisema dada. "Mimi nilikisahihisha kile kichekesho kwa makusudi, kwa sababu nilitaka kiwe kizuri. Nikasahau kukipiga mstari, nikatia herufi zangu. Kichekesho ni kizuri. Kosa ni langu. Vyote viwili ni kweli, na kimoja hakifuti kingine."

Meneja alimtazama kama mtu aliyemwona mwenzake akishuka kwenye gari linalokwenda.

Dada aliendelea, kwa sauti ileile. Alisema kuchapa upya kutachukua majuma mawili na wauguzi wanazihitaji shajara wiki hii. Akapendekeza zirudishwe, ushauri uchapwe kwenye kibandiko chenye ukubwa uleule wa kisanduku na rangi ileile ya karatasi, na wabandike kwa mkono nakala zote. Yeye atabandika ya kwanza na ya mwisho. Alishapima: kisanduku kina sentimita kumi na moja kwa nne. Fundi wa mashine alikuwa tayari chini, anasubiri neno.

Kisha Komedi akashusha mikono yake mapajani. Bila sauti yake nzuri, kwa sauti ambayo dada alisema hakuwa ameisikia hapo kabla, akasema kwamba ushauri ulifika mikononi mwake Ijumaa, akaona ukurasa umefungwa, akauweka kwenye faili wala hakumuuliza mtu. Kwa hiyo makosa ni mawili. Akamaliza hapo. Hakutia mwisho wa kuchekesha.

Walibandika siku mbili. Meza zote za juu zilisukumwa pamoja, gundi ikamiminwa kwenye visahani, na kila aliyekuwa na mikono miwili alikaa. Dada wa mapokezi alikuja na kiti chake, akakaa kati ya dada na Komedi. Kazi ya mikono hufungua midomo. Dada wa mapokezi alieleza, bila kuinua macho kwenye gundi, jinsi Komedi anavyoingiza tumbo ndani kila asubuhi anapopita mapokezi na kulitoa akifika ngazi ya tatu, na kwamba ameshaweza kujua saa kwa kusikia ile pumzi. Watu walicheka mpaka vibandiko vikaenda upande. Komedi alishikwa na haya. Akafungua mdomo kujibu, akaufunga, akaanza kucheka naye, na mtu aliyekaa karibu alisema kilikuwa kicheko kidogo kuliko alivyotarajia.

Katibu alikuja mwenyewe kuzipokea. Alifungua nakala kumi kutoka maboksi tofauti, akapitisha kidole juu ya kila Aprili kama anayetafuta uvimbe. Alitosheka. Nakala moja ilikuwa imebaki mezani bila kibandiko, ya mwisho, ile aliyoahidi dada. Dada alikuwa ameshakipaka kidole gundi.

"Hiyo usibandike," alisema katibu. Akaifunga, akaitia kwenye mkoba. Akafika mlangoni, akageuka. "Miaka ishirini wodini," alisema. "Nimewaona sana wanaume wa namna ile. Wanatuletea mgonjwa na hawajui anaumwa wapi." Akashuka ngazi, mgongo umenyooka.

Wiki iliyofuata meneja aliwaita wote wa ghorofa ya juu. Alisema ameuliza maoni, akaanza na mzee kwa kuwa ndiye anayeondoka. Mzee alisema ameajiriwa pale miaka arobaini na mmoja, amesikia watu wengi wakisema ilikuwa bahati mbaya, ilikuwa mashine, ilikuwa utani, na amewahi kumsikia mmoja tu aliyesema ilikuwa mimi bila kuulizwa mara ya pili. Zaidi ya hapo hana neno. Meneja akamgeukia Komedi. Komedi alisema jina lake liondolewe. Alipoulizwa sababu, alijibu kwamba akiwa mkuu yeye, itabidi asome prufu za watu, na yeye bado anahitaji mtu wa kusoma zake.

Ndivyo dada yangu alivyopata kile cheo. Siku ya kwanza alitoa maagizo mawili. Maneno ya kujazia yaandikwe kwa rangi nyekundu ili mtu asiyadhani kuwa ya kweli hata akiwa na usingizi. Na anayejazia kwa kichekesho ajiweke yeye ndani yake: mkewe, mama mkwe wake na dada wa mapokezi waachwe nje, yeye mwenyewe ndiye ateleze. Hakupiga marufuku chochote zaidi. Wiki ile ya kwanza vichekesho vilipungua kwa nusu, akaniambia vilivyobaki vilikuwa vizuri zaidi, kwa sababu watu wanajijua wenyewe kuliko wanavyowajua wake zao. Jina la Bi Futa halikuondoka. Amelibandika kwenye mlango, chini ya cheo chake.

Jumapili tulikuwa kwa mama. Dada alikuwa amekuja na ile prufu yenyewe ya Aprili, karatasi iliyokunjwa mara nne, pamba imefutwa kwa wino mwekundu na mistari mitatu pembeni. Mama alivaa miwani. Alisoma polepole, midomo ikitembea. Alipomaliza aliishusha karatasi, akamtazama binti yake mkubwa usoni, macho makavu kabisa.

"Mwanangu," alisema, "sehemu ya kuchekesha ni ipi?"

Dada alifungua mdomo aeleze. Sisi wawili tulimwona mama mashavu yakianza kutetemeka, na tukajua tumenaswa. Alicheka mpaka miwani ikamshuka puani, alicheka kwa sauti ya jikoni, pale sebuleni, kwenye kiti kilichokuwa cha baba. Niliuangalia mkono wake wa kulia. Ulikuwa umeshika karatasi, na ulibaki hapohapo.